Kuchagua Benki Ugenini

Hotuba iliyosomwa ukumbini katika juma la maadhimisho ya mandir yetu



Kamati ilitutaka tuseme machache juu ya biashara. Tulipouliza ni biashara ipi, tukajibiwa, "Ile ya Dubai. Vijana wanauliza sana habari za benki." Tulisita. Mambo ya Dubai katika nyumba yetu si ya kujivunia yote, na iko sehemu yake ambayo tumeisimulia vibaya humu humu ukumbini kwa miaka mingi. Tulikubali kwa sharti kwamba tutaisimulia upya. Tunaposema "sisi", mtuelewe kuwa ni sisi ndugu wawili wa duka la vipuri: mmoja huyu aliyesimama, na mwingine aliyeketi pale karibu na mlango kwa ajili ya goti lake. Kila tulilolitenda, liwe la busara au la upumbavu, tulilitenda pamoja.

Mtuvumilie tukianzia mbali. Babu zetu walipokuja pwani hii kutoka Gujarat hawakuchagua benki, walichagua mtu. Mfanyabiashara wa Unguja aliandika hundi, na mwenziwe wa Mandvi au Bombay akalipa kwa kulitambua jina lililo chini ya karatasi ile. Neno hundi, ambalo leo makarani wa benki hulitumia kwa cheki, lilikuja na jahazi pamoja na pesa, laki na bima. Jina likiharibika, hundi ilirudi, na habari zilifika hata kwa wasiohusika.

Kisha zikaja benki zenye milango. Bank of Baroda, iliyoanzishwa mwaka 1908 na Maharaja Sayajirao Gaekwad wa Tatu, ilifungua milango Afrika Mashariki mwaka 1953, na wengi wa wazee wetu walipata hapo karani wa kuzungumza naye Kigujarati. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki za biashara zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Tangu hapo hadi sheria mpya ya mabenki ya mwaka 1991, mwenye duka wa mji kama wetu wa Tanga hakuwa na la kuchagua. Marehemu baba yetu alijiuliza mengi maishani, lakini hakujiuliza hata siku moja aende benki ipi. Alivaa koti lake, akachukua kitabu cha akaunti, akaenda ileile.

Tunayasema haya kwa sababu sisi ndio kizazi kilichorithi duka bila kurithi swali. Tulifundishwa kupima beringi kwa vidole, kumjua mteja atakayelipa na yule atakayehama mji. Kuichagua benki hatukufundishwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kutufundisha. Nasi tukaenda kuanza somo hilo katika nchi isiyo yetu, tena sisi tulioishia kidato cha nne.

Mwaka 2013 tulisajili kampuni ndogo Dubai, katika eneo huru la biashara. Sababu ilikuwa nyepesi. Injini za dizeli na pampu tunazouza hutengenezwa Rajkot. Mikanda na beringi nyingi hutoka China. Mwenye duka la Tanga hana uwezo wa kujaza kontena zima la kila aina, bali akiwa na ghala dogo Dubai anaweza kukusanya kidogo kidogo, akafunga kontena moja la mchanganyiko na kulipeleka Dar es Salaam. Nje ya maeneo huru, sheria ya wakati ule ilitaka mwenyeji wa nchi awe na hisa 51 kwa mia. Utaratibu huo ulikuja kulegezwa mwaka 2021. Ndani ya eneo huru mgeni aliruhusiwa kumiliki zote. Tukapata leseni, meza moja, kabati moja, na mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, kijana wa miaka 26, tukamweka hapo kuwa meneja, karani na mpokea simu.

Benki ya kwanza tuliichagua kwa macho. Jengo lake lilikuwa refu, lilikuwa karibu na kituo cha metro, na kadi waliyotupa ilikuwa na rangi ya dhahabu. Ofisa aliyetufungulia akaunti hakutuuliza tunauza nini wala kwa nani. Alitutaka pasipoti, leseni na sahihi. Sisi tuliona ni heshima. Tulirudi Tanga tukiwasimulia wenzetu kwamba kule mtu habughudhiwi na maswali.

Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe, nasi tulilijua neno hilo tangu utoto, lakini hatukudhani kwamba kuku huyo angeweza kuwa kampuni. Kampuni ndogo ya wageni huonekana kuliko nyingine zote mbele ya benki. Mwenyeji ana baba anayejulikana, nyumba inayojulikana, mshahara unaoingia kila mwezi. Wewe una leseni ya mwaka mmoja na meza ya kukodi. Fedha zako hutoka nchi nyingine, huingia, na baada ya siku chache huenda nchi ya tatu. Hivyo ndivyo biashara ya kununua na kusafirisha inavyofanyika, na kwa bahati mbaya ndivyo pia zinavyokwenda fedha haramu. Karani aliyeketi mbele ya kompyuta haoni beringi. Anaona namba tu.

Sasa tunaifikia sehemu tuliyoahidi.

Kuanzia mwaka 2015 tulipata wateja kutoka Lubumbashi. Ni watu wema, wanaongea Kiswahili chao kitamu, na hufika Deira na dola taslimu kiunoni kwa sababu ndivyo wanavyoweza. Akaunti ya kampuni yetu ilitozwa ada kubwa kwa fedha taslimu, na kila mara walitaka maelezo ya maandishi. Mpwa wetu alipiga simu Tanga kuuliza afanyeje. Tulimjibu sisi, kwa sauti hii mnayoisikia: "Weka kwenye akaunti yako ya mshahara leo, kesho uhamishie kampuni." Alisema, "Mjomba, sidhani inafaa." Tukamwambia asitufundishe biashara. Alifanya hivyo mara kumi na moja katika muda wa miezi kumi na minne.

Mwaka 2017 benki iliandika barua ikitaka ankara za malipo yale kumi na moja, jina la kila mteja na nakala ya pasipoti yake. Mpwa wetu aliituma barua siku ileile. Ilikaa juu ya meza yetu dukani, chini ya kopo la grisi, na alama ya kopo ingali kwenye karatasi hadi leo. Ulikuwa msimu, tulikuwa na kazi. Baada ya majuma matatu tulituma ankara tatu, na mojawapo ilikuwa na tarehe ya nyuma ya malipo yenyewe, kwa sababu tuliiandika baadaye. Benki haikujibu. Mwezi uliofuata ilileta barua fupi kwamba akaunti itafungwa baada ya siku 30.

Tuliporejea hapa tuliwaambia ninyi nyote kwamba benki ya Dubai imetuonea. Tulipoulizwa zaidi, tulisema kijana alichezea akaunti. Wapo humu waliotoa maneno makali juu yake, na walifanya hivyo kwa kutuamini sisi. Hakuichezea. Alitenda tulivyomwagiza, na kabla ya kutenda alituonya.

Kilichofuata kinafaa kujulikana na kila anayefikiri kufungua kampuni ugenini, maana hakuna aliyetueleza. Benki inapofunga akaunti haikukabidhi fedha mkononi. Inakupa hundi ya benki yenye jina la kampuni. Yetu ilikuwa ya dirhamu 186,400. Hundi hiyo haibadilishwi dukani wala kwa mvunja fedha. Lazima iingizwe katika akaunti nyingine yenye jina lilelile, nasi hatukuwa na akaunti nyingine. Tulikuwa na mali yetu yote ya Dubai katika karatasi moja, ndani ya bahasha, na hatukuweza kununua nayo hata kikombe cha chai. Tuliambiwa uhai wake ni miezi sita. Tuliibeba kwa miezi minne na siku tisa.

Wakati huo kontena lilikuwa Jebel Ali na nusu ya bei ya mtengenezaji wa Rajkot ilikuwa haijalipwa. Huku kwetu mahindi yalikuwa yamevunwa. Wenye mashine za kusaga wa Handeni na Korogwe walikuja dukani wakitaka mikanda na beringi, tukawaambia wiki ijayo, na wiki ijayo tukawaambia vivyo hivyo. Mmoja wao, mteja wetu tangu siku za baba, alikuja mara tatu kwa basi. Mara ya nne hakuja, na hajaja tena. Mishahara ya vijana wawili wa ghala ilichelewa kwa miezi miwili. Mwishowe tulinunua dola hapa nchini kwa fedha za duka, tukamlipa mtu wa Rajkot kutoka Tanga, na duka likabaki na rafu wazi hadi Diwali.

Jamaa mmoja wa Deira alitaka kutusaidia. Alisema tupitishe biashara katika akaunti yake kwa mbili kwa mia. Tulilala siku mbili tukilifikiri. Tungependa kuwaambia kwamba tulikataa kwa uadilifu, lakini tulikataa kwa sababu mmoja wetu aliogopa, yule mwenye goti.

Basi tukaanza kutafuta benki mara ya pili, na safari hii tulitafuta kwa miguu. Aliyetuongoza ni mpwa wetu yuleyule. Alikwisha kuacha kazi kwetu na kuandikwa na kampuni nyingine Sharjah, lakini kila siku yake ya mapumziko alivuka kuja kutuchukua. Tulizunguka benki tano. Ya kwanza ilisikia neno Kongo ikasimama. Ya pili ilitaka salio la chini ambalo lingekula mtaji wote. Ukipungua chini ya kiwango hicho mwisho wa mwezi unatozwa, na vijana wengi hawalisomi sharti hili mpaka wamekwisha kukatwa. Ya tatu haikukataa wala kukubali, ilituambia tusubiri, na tungali tunasubiri.

Ya nne ilikuwa ya watu wetu, kwa maana ya lugha. Meneja alituuliza kijiji cha babu, akaagiza chai ya tangawizi. Moyo ulilainika. Lakini mpwa wetu alipouliza benki yao inatuma dola Tanzania kupitia wapi, meneja alibadili mazungumzo. Hapo ndugu yetu alikumbuka mwaka 1991. Wenye umri wetu wanaikumbuka BCCI, benki iliyoanzishwa mwaka 1972, iliyopendwa sana na wafanyabiashara wa Kiasia kuanzia Ghuba hadi Uingereza, na ambayo wasimamizi wa nchi kadhaa waliifunga siku moja, tarehe 5 Julai 1991. Waliokuwa na fedha humo walikuwa wamekunywa chai nyingi na mameneja wake. Hatusemi kwamba meneja yule alikuwa na kosa. Twasema kwamba chai haikujibu swali.

Swali lenyewe ni hili. Dola haisafiri. Unapotuma dola kutoka Dubai kwenda Dar es Salaam, kinachosafiri ni ujumbe; hesabu yenyewe hufanyika New York, katika vitabu vya benki ya Kimarekani ambamo benki yako imefungua akaunti. Hiyo huitwa benki wakala. Benki wakala ikimtilia shaka mteja mmoja mdogo wa benki yako, inaweza kuibana benki nzima. Basi fikirieni hesabu ya meneja. Kwako wewe anapata ada chache kwa mwezi. Kwa sababu yako anaweza kupoteza njia ya dola ya wateja wake wote. Mtu huyo akikufunga hakuchukii. Amepiga hesabu ambayo hata sisi dukani tungeipiga. Tangu tulipolielewa hili tuliacha kuuliza ni benki ipi iliyo nzuri, tukaanza kuuliza ni benki ipi itakayoweza kutueleza sisi kwa benki wakala wake, New York wakiuliza hawa ni nani.

Ya tano ilikuwa benki isiyo kubwa, yenye ofisi ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa, na ilikuwa na tawi Dar es Salaam. Ofisa alikuwa binti kutoka Kerala. Alitukalisha saa mbili na nusu. Alitaka taarifa za akaunti ya duka la Tanga za mwaka mzima, leseni ya Tanga, hati za forodha za makontena matatu, majina ya wanaotuuzia na wanaonunua kwetu. Alitaka kumjua kila mwenye hisa 25 kwa mia au zaidi, mpaka mtu wa mwisho mwenye pumzi, kwa kuwa sheria yao humtaka mmiliki wa kweli na si karatasi. Kisha akatuuliza, "Hii beringi 6205 inaingia kwenye mashine gani?" Mmoja wetu alimweleza kwa robo saa, kwa mikono. Aliandika yote. Tulitoka pale tumechoka kama watu waliohojiwa polisi, na barazani mpwa wetu akasema, "Mjomba, ni hapa."

Hatukumwelewa mara moja. Benki iliyotupokea bila swali ndiyo iliyotufunga bila swali. Ilikuwa haina lolote juu yetu kwenye faili, kwa hiyo siku ya shaka ilibaki na shaka peke yake. Huyu binti alikuwa akijaza faili la siku hiyo. Isitoshe, kwa kuwa benki ilikuwa na mguu huku na mguu kule, alituma ujumbe tawi la Dar es Salaam, nao wakampata mtu wa kulitembelea duka letu na kuona kwamba lipo, lina rafu, lina paka. Jina likatambuliwa, kama zamani za hundi. Lile la kampuni tuliliandikisha wenyewe, lakini hili la duka lilichukua miaka sitini kujengwa, na ndilo lililotufungulia akaunti.

Yako mambo madogo ambayo tutayapitia kwa haraka. Kabla ya kuhamisha biashara, tulituma dola 500 za majaribio. Zilifika 463, siku ya nne. Tuliuliza 37 zimekwenda wapi, tukaonyeshwa herufi tatu katika fomu ambazo hatukuwahi kuzijali: OUR, mtumaji hulipa gharama zote, BEN, hukatwa mpokeaji, SHA, kila upande hubeba zake. Zetu zilikuwa zimetumwa kwa BEN. Kadhalika siku. Hadi mwisho wa 2021 mapumziko ya Dubai yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, na ya New York Jumamosi na Jumapili, hivyo kulikuwa na siku nne tu katika juma ambazo pande zote zilikuwa kazini. Tangu Januari 2022 wamehamia Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufanya kazi nusu siku serikalini. Dirhamu yenyewe haina wasiwasi. Tangu 1997 dola moja ni dirhamu 3.6725. Anayewauzia dirhamu kwa bei ya mbali na hiyo anajilipa vizuri.

Jambo la hundi za kodi halipitiki haraka. Kule mwenye nyumba huchukua hundi za mwaka mzima mapema, kila moja na tarehe yake. Hadi sheria ilipobadilishwa, mabadiliko yakianza kazi Januari 2022, hundi iliyokosa salio iliweza kukupeleka mbele ya mahakama ya jinai hata kama hukukusudia. Walikuwapo wafanyabiashara wazima waliolala rumande kwa hundi moja. Ndiyo maana katika maswali yetu kwa binti wa Kerala tulimuuliza, "Hundi yetu ikija na salio halitoshi, utatupigia simu?" Alijibu kwamba sheria haimlazimishi, lakini atapiga. Amepiga mara mbili.

Mtihani wa kweli ulikuja baadaye. FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha haramu, huziweka chini ya uangalizi nchi ambazo taratibu zao zina mapungufu, na watu huita hiyo orodha ya kijivu. Falme za Kiarabu ziliingizwa Machi 2022, zikatolewa Februari 2024. Tanzania yetu iliingizwa Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Hesabuni wenyewe: kwa muda wa mwaka na miezi kadhaa, fedha zetu zilitoka nchi ya kijivu kwenda nchi ya kijivu. Kila malipo yaliulizwa. Majirani zetu wawili wa eneo huru walifungiwa akaunti katika kipindi hicho. Sisi tuliandikiwa mara saba, na kila mara tulijibu kabla ya jua kuchwa, kwa sababu kila malipo sasa yana bahasha yake: ankara, hati ya shehena, karatasi ya forodha, na jina la mtu. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 waliyoianzisha tarehe 1 Januari 2018 ilitulazimisha kuweka vitabu vizuri, na hiyo ndiyo kodi pekee ambayo tumewahi kuishukuru, japo si kwa sauti kubwa.

Wateja wa Lubumbashi tungali nao. Fedha taslimu hatupokei. Wawili waliondoka kwa hasira. Wengine wamefungua akaunti kwao na wanatuma kwa benki, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa, nasi tumepunguza bei kidogo ili tubebe sehemu ya gharama hiyo. Faida imepungua.

Na tuna akaunti ya pili, katika benki nyingine kabisa. Haina kazi. Inatugharimu ada kila mwezi, na kaka yangu hulalamika kila anapoiona katika hesabu. Tuliifungua mwaka 2019, wakati hatuna shida, kwa kuwa mwenye shida hafunguliwi. Likitokea tena la bahasha na hundi ndani, tutajua pa kuipeleka siku hiyohiyo.

Kila Diwali tunaleta vitabu vyetu vya hesabu hapa mandir kwa chopda pujan, na kuandika Shubh Labh kwenye ukurasa wa kwanza. Majirani zetu Waswahili wana lao, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2017 tulileta kitabu kama kawaida. Malipo yale kumi na moja hayakuwamo. Tuliyaacha nje kwa makusudi, tukakiweka kitabu mbele ya Lakshmi, tukapakwa tilak, tukaenda nyumbani kula pipi. Mwaka uliofuata tuliyaandika yote, kwa tarehe zake, katika kurasa za mwisho, pamoja na jina la aliyeyaagiza. Kitabu hicho tumekuja nacho leo. Kiko mezani pale, karibu na picha za zamani, pamoja na ile barua yenye alama ya kopo la grisi. Asiyeamini maneno yetu akasome.

Mpwa wetu amekuja kwa maadhimisho haya pamoja na mkewe na mtoto wao. Wameketi mstari wa tatu. Hatukumwambia kwamba tutalisema hili, maana angetuzuia. Mwanetu, tulikupa agizo baya, ukatuonya, tukakukemea; kisha tukakutwisha kosa letu mbele ya watu hawa, nawe ukanyamaza ili jina la wajomba zako lisiharibike. Tunakuomba radhi mbele ya watu walewale.

Vijana mliotuma maswali juu ya Sharjah, juu ya benki za simu, na juu ya kampuni zisizo ndani ya maeneo huru, hayo sisi hatuyawezi. Mwulizeni yeye baada ya chakula. Akina mama wanaashiria kwamba puri zinapoa.